Uniti 41 kwa jirani, 14 kwako: kwa nini mjini kidogo huuzwa ghali

Watu wawili wa mtaa mmoja Dar es Salaam wananunua umeme wa shilingi 5,000 siku hiyohiyo. Mmoja anapata uniti 41, mwenzake anapata 14. Kwenye magrupu ya WhatsApp ya mitaa swali hili halichakai, na majibu nayo ni yaleyale: mita imechakaa, kuna mtu anaiba umeme, bei imepandishwa kimyakimya. Ukweli ni kwamba bei zote mbili ni halali na zimeandikwa. Kinachouma ni kwamba mara nyingi anayeambulia uniti 14 ndiye mwenye kipato kidogo.

Ukielewa kwa nini iko hivyo, utakuwa umeelewa jambo kubwa kuhusu miji yetu. Tumezoea kuongea kana kwamba mji una watu waliofikiwa na maendeleo na watu walioachwa nyuma, ushuani kwenye taa na uswahilini kwenye giza. Picha hiyo imepitwa na wakati. Tandale, Manzese na Mbagala kuna taa, kuna televisheni bapa, kuna simu janja na pesa ya simu. Usasa ulishafika. Tofauti imehamia kwenye kipimo: huyu ananunua kwa jumla, yule ananunua kwa kijiko, na kijiko kina bei yake.

Maneno mawili yawekwe sawa kabla ya kuendelea. Usasa katika makala haya ni zile huduma ambazo maisha ya mjini sasa yanaegemea: umeme, maji ya bomba, simu, usafiri, mkopo. Na ukosefu wa usawa si jina jingine la umaskini. Umaskini ni kukosa; ukosefu wa usawa ni pengo kati yako na mwenzako. Mji unaweza kupunguza umaskini huku pengo likipanuka, na ndiyo maana ofisa wa takwimu na mama wa Mbagala wanaweza kubishana siku nzima huku kila mmoja akisema kweli.

Pengo hili lina jina la mtaani. Nairobi huitwa kadogo: unga wa kadogo, sabuni ya kadogo, mafuta ya kadogo. Dar es Salaam ni mafuta ya kupima kwa Mangi, mwenye duka la mtaani. Sote tunajua kwamba lita tano za mafuta, ukizigawa kwa vipimo vidogo vya dukani, hutoa pesa nyingi kuliko bei ya dumu lenyewe. Jambo linalosahaulika ni kwamba umeme, maji, pesa na hata nauli navyo huuzwa kwa kupima.

Umeme: ruzuku inayompita mlengwa

Tuanze na zile uniti 41. Kwa bei zilizopangwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na kuanza Aprili 2016, mteja wa nyumbani mwenye matumizi madogo huwekwa kwenye kundi la D1, ambalo wengi huliita tarifu 4. Kundi hilo hulipa shilingi 100 kwa uniti, mradi matumizi yasizidi uniti 75 kwa mwezi. Mteja wa kawaida yuko kundi la T1 na hulipa shilingi 292. Juu ya bei hizo huongezwa VAT asilimia 18, mfuko wa umeme vijijini asilimia 3 na EWURA asilimia 1. Jumla ni asilimia 22. Kwa hiyo uniti ya D1 hufika shilingi 122, na ya T1 hufika shilingi 356. Gawa 5,000 kwa 122, unapata 41. Gawa kwa 356, unapata 14. Hakuna mwizi hapo.

Nia ya bei ndogo ni njema: mtu wa taa mbili na redio asibebeshwe mzigo wa mtu mwenye kiyoyozi. Lakini sheria hii huhesabu mita, haihesabu familia. Na familia nyingi za kipato cha chini Dar es Salaam zinaishi kwenye nyumba za vyumba vya kupanga, korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, mita moja ukutani.

Tupige hesabu ya chumba kimoja. Balbu mbili za LED za wati 9, saa tano kila siku, hula kama uniti 2.7 kwa mwezi. Televisheni ya wati 50 kwa saa tano hula 7.5. Feni ya wati 50 kwa saa nane za usiku hula 12. Pasi ya wati 1,000 humaliza uniti moja kwa saa nzima ya kunyoosha. Ongeza kuchaji simu, unafika kwenye uniti 25 hivi. Huyo ni mtumiaji mdogo kwa kipimo chochote, theluthi moja tu ya kikomo cha D1.

Sasa weka vyumba sita vya aina hiyo kwenye mita moja. Mita inasoma uniti 150. TANESCO, shirika la umeme, inaona mteja mkubwa, na nyumba nzima inabaki T1. Kila chumba kinalipa kama shilingi 8,900 kwa mwanga uleule ambao, kingekuwa na mita yake kwenye D1, kingelipia 3,050. Wakati huohuo mfanyakazi wa ofisini anayeishi peke yake kwenye fleti yenye mita yake, akitumia uniti 70, hulipa 8,540 kwa mwezi. Ana friji, ana jiko la kupashia chakula, na bado analipa kidogo kuliko chumba cha feni na televisheni.

Ugomvi wa wapangaji nao unaanzia hapo. Mwenye friji anatazamwa kwa jicho baya kwa sababu friji ndogo peke yake hula kama uniti moja kwa siku, yaani 30 kwa mwezi, zaidi ya chumba kizima cha jirani. Nyumba nyingi zimejitungia kanuni: wa friji aongeze kiasi fulani, jiko la umeme marufuku, pasi iwe Jumapili tu. Kanuni hizo hugawa maumivu vizuri au vibaya, ila haziondoi chanzo chake, ambacho ni tarifu.

Mita ndogo za ndani, zile ambazo mwenye nyumba hufunga kila chumba, haziponyi jambo hili. Zinasaidia kujua nani katumia nini, na hilo ni la maana. Lakini umeme wote bado umenunuliwa kupitia mita kubwa kwa bei ya T1. Wenye nyumba wengine huongeza chao juu yake, na mpangaji anafika shilingi 400 au 500 kwa uniti.

Kuna kingine kinachochanganya: kodi ya jengo. Tangu Agosti 2021 kodi hii hukatwa kupitia LUKU, yaani ununuzi wa umeme wa kulipia kabla. Ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Wapo wanaoamini kwamba ni kodi ya mpangaji. Siyo. Anayedaiwa ni mmiliki wa jengo, lakini makato humwangukia yeyote atakayenunua umeme wa kwanza wa mwezi. Usiponunua miezi miwili, ununuzi wa mwezi wa tatu hukatwa malimbikizo yote, na hapo ndipo watu hudhani mita imeharibika. Mpangaji ana haki ya kutunza zile meseji za manunuzi na kudai kiasi hicho kipunguzwe kwenye kodi ya pango. Wachache hufanya hivyo, maana wengi hawajui kama ni haki yao.

Nchini Kenya mtego ni uleule kwa namba tofauti. Tangu Aprili 2023 bei ya chini kabisa ya umeme wa nyumbani inawahusu wanaotumia hadi uniti 30 kwa mwezi. Ploti ya vyumba ishirini yenye mita moja haiwezi kuota kufika huko. Na kwenye mitaa ya mabanda ya Nairobi ambako mita ya halali haijafika kila mlango, watu huvutiwa waya wa sambaza na kulipa kiasi kilekile kila mwezi, utumie usitumie. Waya huo hauna fyuzi wala waya wa ardhi, na hupita juu ya mabati. Moto ukianza usiku, huteketeza safu nzima ya nyumba.

Maji: ndoo hamsini ndani ya uniti moja

Uniti moja ya maji ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Namba hii ya 50 ishike vizuri, kwa kuwa ndiyo inayofunua kila kitu. Ukisikia bei ya ndoo, izidishe kwa 50, kisha ilinganishe na bili ya mwenye bomba.

Tuchukue mfano wa bili ya shilingi 1,700 kwa uniti, karibu na kiwango cha majumbani ambacho wakazi wa Dar es Salaam wamekizoea. Ndoo ikiuzwa shilingi 100, mnunuzi analipa 5,000 kwa uniti. Ikifika 200, ni 10,000. Kipindi cha mgao mkali, kama ule wa Oktoba na Novemba 2022 baada ya Mto Ruvu kupungua sana, ndoo huweza kupanda hadi 500, na uniti ni 25,000. Familia ya watu watano inayojibana kwa lita 20 kwa kila mtu kwa siku inahitaji ndoo tano, au uniti tatu kwa mwezi. Kwa bomba ni kama 5,100. Kwa ndoo za mia ni 15,000. Kwa ndoo za mia tano ni 75,000.

Lawama zote hutupiwa muuza maji, na hapo nadhani tunakosea shabaha. Mwenye mkokoteni amenunua dumu kwenye gati, yaani bomba la umma la kuuzia maji, au kisima, amelisukuma mchangani kilomita moja au zaidi, matairi ni yake, mgongo ni wake. Mwenye kisima analipia umeme wa pampu, tena kwa T1. Mwenye boza ananunua dizeli. Bei ya ndoo imebeba kazi yote ambayo bomba lingeifanya bila kuchoka. Ukimfukuza muuza maji leo, kesho mtaa hauna maji. Swali la kuuliza ni kwa nini bomba liliishia mbali.

Jibu linaturudisha kwenye ramani ya zamani. Uzunguni, Uhindini na Uswahilini hayakuwa majina ya utani. Chini ya Wajerumani na baadaye Waingereza, Dar es Salaam iligawanywa kwa kanuni za ujenzi: kanda moja ya nyumba za Kizungu, ya pili ya biashara na makazi yaliyokaliwa zaidi na Wahindi, ya tatu ya Waafrika, Kariakoo na Ilala, huku Mnazi Mmoja ikiachwa wazi katikati kama ukuta usio na matofali. Lubumbashi, iliyoanzishwa 1910, iliwekewa ukanda mtupu kati ya mji wa Wabelgiji na makazi ya wafanyakazi Waafrika. Unguja ilikuwa na Mji Mkongwe upande huu wa mkono wa bahari na Ng'ambo upande wa pili, na jina lenyewe linajieleza. Mabomba makubwa, barabara pana na mitaro ya mvua vilifuata kanda hizo. Uhuru uliondoa sheria ya rangi, lakini bomba la inchi nane haliondoki kwa tamko.

Watu walipoongezeka walijenga palipopatikana ardhi. Dhana kwamba wa uswahilini ni wavamizi haisimami: wengi walinunua viwanja vyao kwa wenyeji wa maeneo hayo, mbele ya mjumbe na mashahidi, kwa karatasi wanazozitunza hadi leo. Kilichokosekana ni upimaji. Na eneo lisilopimwa si lazima liwe la maskini. Makongo Juu ilijengwa na watu wenye elimu na kipato bila mpango wa mitaa, wakati Sinza, iliyopimwa na kuwekewa huduma katika mradi wa viwanja wa miaka ya 1970, ilianza kwa watu wa kawaida na sasa viwanja vyake vinagombewa.

Pasipopimwa hapana njia ya kupitisha bomba. Ndipo kila kaya inajivutia mpira wake mwembamba wa nusu inchi kutoka bomba kubwa, mita mia au zaidi, ukipita uchochoroni, chini ya ukuta wa jirani, mara nyingi ndani ya mtaro wa majitaka. Mpira mrefu na mwembamba hupoteza msukumo, kwa hiyo wa mwisho hupata maji usiku wa manane tu. Viungo huvuja. Maji yakikatika, bomba lililo tupu hufyonza uchafu wa nje kupitia kila ufa, na maji ya kwanza yanaporudi huja na uchafu huo. Kwa sababu hiyo maji ya dakika za mwanzo baada ya mgao yamwagiwe maua au chooni, na ya kunywa yachemshwe hata kama yanaonekana meupe.

Halafu kuna tangi. Sidhani kama kuna kitu kinachotenganisha matabaka ya Dar es Salaam kuliko lile pipa jeusi juu ya mnara. Mgao wa saa 48 ni tatizo la mji mzima kwenye gazeti, lakini nyumba yenye simtenki la lita 5,000 inayotumia lita 500 kwa siku ina maji ya siku kumi. Haijui kama kuna mgao. Mwenye chumba ana ndoo mbili na diaba. Siku ya pili asubuhi ameshaanza kununua, na ananunua siku ambayo bei iko juu kuliko zote. Kukatika ni kulekule, ila mmoja hununua maji siku yanapokuwa rahisi na kuyatunza, mwingine hulazimika kununua yanapokuwa ghali.

Wasio na akiba ya maji matamu hugawa matumizi: maji ya kisima yenye chumvi kwa kufua na kuogea, maji yasiyo na chumvi ya gati kwa kupikia na kunywa. Ni akili nzuri ya matumizi. Ila chumvi hula sabuni, hukakamaza nguo na kuozesha sufuria, na gharama hizo haziandikwi kwenye bili yoyote.

Je, udogo lazima uwe ghali?

Wanaotetea hali ilivyo husema kwamba rejareja ni ghali kwa asili yake. Kuna ukweli ndani yake, lakini umetiwa chumvi. Mwaka 2015 mtaa wa Mathare, Nairobi, ulifungiwa mashine za maji za kadi ambapo mtungi wa lita 20 uliuzwa senti 50. Hiyo ni shilingi 25 za Kenya kwa uniti, wakati muuzaji wa mtungi wa shilingi 5 anatoza 250. Bomba lilikuwa limefika hadi mtaani, na mtu wa kati ameondoka. Vilevile muda wa maongezi wa simu unaweza kununuliwa kidogo sana na ukatozwa kwa sekunde, sawa na mwenye vocha kubwa. Udogo wenyewe hauna kosa. Bei hupanda pale gharama isiyobadilika inapobandikwa juu ya kiasi kidogo.

Kutoa pesa kwa wakala wa M-Pesa Kenya ni mfano safi. Kwa viwango vya 2023, kutoa shilingi 200 hukatwa 29, ambayo ni asilimia 14.5. Kutoa shilingi 100,000 hukatwa 309, yaani chini ya theluthi moja ya asilimia moja. Wote wawili wamehudumiwa na wakala yuleyule kwa dakika ileile.

Mkopo wa simu hufuata njia hiyohiyo. M-Shwari ya Kenya ilipoanza 2012 ilitoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Mtu akisikia saba na nusu hulinganisha na riba ya benki na kuona ni nafuu. Lakini riba ya benki husomwa kwa mwaka. Anayekopa 1,000 na kurudia kila mwezi kwa mwaka mzima hulipa ada ya 900, sawa na asilimia 90. Kosa hapa ni la kulinganisha mwezi na mwaka, na linafanywa na watu wenye akili timamu kwa sababu tangazo haliwasaidii.

Simu ya kulipia kidogokidogo, chukulia kwa mfano tu: taslimu 250,000, kwa mkopo, kianzio 50,000 kisha 1,000 kila siku kwa siku 365. Jumla 415,000. Ukichelewa, simu inajifunga, na kwa dereva wa bodaboda anayepokea wateja kwa simu hiyo, kufungwa ni kukosa pesa ya kuifungulia.

"Si angejipanga tu?"

Hili ndilo neno linaloniuma kuliko yote katika mjadala huu: kwamba maskini hununua kidogokidogo kwa sababu hajui bajeti. Jaribu kupanga bajeti ya chumba cha mita tatu kwa tatu. Gunia la mkaa litakaa wapi? Mvua ikivuja juu yake, hasara ya nani? Mtu anayeingiza 10,000 leo na 4,000 kesho hawezi kutoa 80,000 za gunia kwa siku moja, hata kama anajua kwa shilingi na senti kwamba kopo linamla. Anajua. Anachokosa ni mtaji wa kuacha kununua ghali.

Na hukosa mtaji huo kwa sababu zinazoeleweka. Mwenye nyumba Dar es Salaam mara nyingi hudai kodi ya miezi sita, pengine mwaka, mbele. Chumba cha 50,000 ni 300,000 siku ya kwanza, dalali naye anataka ya mwezi mmoja, inakuwa 350,000. Ni akiba ya miezi mingi inayomezwa kwa pigo moja, kisha miezi sita baadaye inadaiwa tena. Nairobi desturi ni kulipa kila mwezi pamoja na amana, kwa hiyo mlango wa kuingia ni mwepesi, ila mwenye nyumba anaweza kukufungia kufuli ukichelewa siku chache.

Watu wamejitengenezea dawa zao. Upatu, vikoba, chama: kumi wakitoa 5,000 kila wiki, mmoja anaondoka na 50,000, na hapo ndipo gunia, mtungi wa gesi au tangi dogo hununuliwa. Daftari la Mangi nalo ni mkopo bila riba ya wazi, ingawa riba yake hujificha kwenye bei ya sukari. Kinachoangusha upatu kwa kawaida ni mtu aliyepokea mwanzoni kuacha kuchangia. Vikundi vinavyodumu huwapa mwanzo wenye sifa ya muda mrefu, na wageni huwekwa mwisho.

Wastani unavyodanganya bila kusema uongo

Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18 ulionyesha kwamba asilimia 26.4 ya Watanzania walikuwa chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi, lakini Dar es Salaam ilikuwa asilimia 8 tu. Wengi husoma hivyo na kuhitimisha kwamba jiji halina shida. Mstari wenyewe ulikuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, kwa bei za wakati huo.

Linganisha na nauli. Mfanyakazi wa mbali anayepanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi, kwa shilingi 600 kila moja, hutumia 2,400 kwa siku. Siku 26 ni 62,400. Bei zimepanda tangu 2018, kwa hiyo huwezi kuziweka sawa kwa sawa, lakini utaona jinsi mtu anavyoweza kuhesabiwa kuwa amevuka mstari huku matumizi yake makubwa yakiwa ni gharama ya kufika kazini. Pesa inapita mikononi mwake, haikai.

Wastani nao ni hivi: abiria thelathini kwenye daladala, kila mmoja ana 10,000. Apande mtu mwenye milioni 30. Wastani wa gari umeruka hadi karibu milioni moja kwa kila abiria, na hakuna aliyekuwemo awali aliyeongezewa hata shilingi ya maji. Ukitaka kujua hali ya gari, muulize aliyeketi katikati baada ya kuwapanga wote kuanzia mwenye pesa ndogo hadi mwenye nyingi. Yeye bado ana 10,000.

Barabara ya juu ya Nairobi, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilifunguliwa 2022. Anayelipa ushuru huvuka jiji kwa dakika. Chini yake ni watembea kwa miguu na matatu wanaobanana kwenye nafasi iliyobaki. Kwenye takwimu ni barabara moja ya kisasa. Kwa aliye juu na aliye chini ni miji miwili.

Kurudi kwenye mita

Kwa wapangaji wa nyumba ya vyumba sita, kuna hesabu inayofaa kupelekwa kwa mwenye nyumba. Mita mpya ya njia moja mjini, ndani ya mita 30 kutoka kwenye nguzo, ilirudishwa kuwa shilingi 320,960 mwaka 2022. Mita sita ni karibu milioni mbili, na hakuna atakayekubali. Lakini hamhitaji sita. Vyumba viwili vyenye uniti 25 kila kimoja ni 50, chini ya kikomo cha 75, ingawa friji ndogo ya uniti 30 itawavusha msipojibana. Mnahitaji mita tatu, na moja tayari ipo. Mbili za kuongeza ni 641,920, pamoja na fundi mwenye leseni ya EWURA wa kutenganisha nyaya ili kila jozi ya vyumba iwe na njia yake.

Kwa bei za hapo juu, kila chumba kitaokoa kama 5,850 kwa mwezi, nyumba nzima 35,000. Gharama ya mita mbili inarudi katika miezi 19, ukiacha kazi ya fundi. Tatizo ni kwamba mwenye nyumba ndiye anayetoa pesa na wapangaji ndio wanaookoa, kwa hiyo haoni faida yake. Njia inayofanya kazi ni wapangaji kuchanga, kisha mchango ukatwe kwenye kodi ya pango kwa maandishi: kiasi, miezi mingapi, na nini kitatokea mmoja akihama kabla ya muda. Bila karatasi hiyo msichange hata shilingi.

Mita zikishafungwa, msisubiri zijishushe zenyewe hadi D1. Nunueni kwa miezi michache bila kupita 75, tunzeni meseji, kisha nendeni ofisi ya TANESCO ya wilaya na namba ya mita kuomba tarifu ibadilishwe. Shirika hukagua manunuzi ya nyuma kabla ya kuamua. Na chungeni kikomo baada ya hapo. Ndani ya D1, kila uniti inayozidi 75 hutozwa 350 kabla ya kodi, yaani 427 ukijumlisha makato, juu kuliko hata T1. Mwezi wa joto wenye feni usiku kucha, au mgeni aliyekuja na jiko lake la umeme, vinatosha kuwarudisha mlikotoka.